Simu Niliyoifunika Blanketi

Mwezi wa saba uliopita niliifunika simu blanketi. Naliandika hili mwanzoni kabisa, kabla majirani hawajaniwahi kuwasimulia.

Mimi, niliyechaji simu za watu wa mtaa wetu wa Mfaranyaki mpaka nikazeeka, niliyeitwa fundi na watu wazima wenye akili zao, niliichomeka simu yangu mwenyewe ukutani, nikaiviringisha blanketi la mtoto, nikailaza kitandani kwenye chumba cha wageni na kufunga mlango taratibu. Mwenye kucheka acheke sasa, amalize, maana mbele kuna mengine.

Nilikuwa na sababu. Ninyi vijana mnaosoma hii mkiwa kwenye miji ya joto hamwijui Songea ya mwezi wa saba. Baridi yake inaingia mpaka ndani ya soksi. Nilikuwa nimeona asubuhi kadhaa simu inaamka imechoka: naiacha na nusu ya chaji, naikuta na robo. Nikawaza, hiki kitu kinasikia baridi. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, baridi kweli inaidhoofisha betri. Kilichonishinda ni hatua ya pili. Simu ikiwa kwenye chaji inatoa joto lake yenyewe, na joto likikosa pa kutokea linabaki humohumo kwenye betri. Nilichofanya ni kumvalisha sweta mtu mwenye homa.

Nilipofunua, kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Betri ilikuwa imeumuka kama andazi lililozidishiwa hamira. Mke wangu aliitazama simu, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa imeiva, au tuirudishie blanketi?"

Ile simu nilipewa na binti yetu Tumaini, na kuipoteza kuliniuma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba namba yangu ndiyo iliyokuwa namba ya akiba ya Mama Editha.

Mama Editha ni jirani yangu, kati yetu kuna ua wa michongoma tu. Binti yake Editha ameolewa kijijini Lusewa, na wakati huo alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Uzazi wake wa kwanza ulimtesa sana, kwa hiyo mkunga wa huko alimwambia safari hii asithubutu kusubiri nyumbani: uchungu ukianza tu, apelekwe hospitali kubwa. Kuna bwana mmoja pale Namtumbo mwenye gari, alikubali kwenda kumchukua. Lakini alishachoshwa na watu wanaomwita, akifika wanamwambia tumeghairi. Akaweka sharti: hawashi gari mpaka asikie sauti ya Mama Editha mwenyewe.

Basi safari nzima ya yule binti kwenda hospitali ikawa imening'inia kwenye simu moja. Editha ampigie mama yake, mama ampigie dereva. Simu ya mama isipopatikana, Editha anipigie mimi, nami nimwite mama yake kwa sauti juu ya michongoma. Na sasa kwangu kulikuwa na andazi.

Mtaniuliza kwa nini sikuhamishia laini kwenye simu nyingine. Nilijaribu. Kitrei cha laini kilikuwa kimebanwa na fremu iliyopinda, hakitoki, na betri iliyovimba haichokonolewi kwa pini. Hilo lishikeni hata mkisahau mengine yote. Ukiitoboa inawaka moto. Usiibonyeze irudi, usiichaji tena, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umpelekee fundi. Mimi niliiweka nje kwenye sufuria bovu juu ya matofali. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda mjini kuirudisha laini yangu, na hiyo ilimaanisha kuvaa viatu na kutoka nyumbani. Nikasema kesho. Kila aliyeishi nami anajua kesho yangu inavyokuwa.

Kutotoka nyumbani ndiko kulikonipa kazi, tuseme ukweli. Nilimaliza sekondari bila mpango wowote isipokuwa kukaa. Simu zilipoanza kuzagaa huku kwetu, nyumba zenye umeme zilikuwa chache na yetu ilikuwa mojawapo, nami nikagundua kwamba naweza kufanya biashara bila kuvuka mlango wangu. Watu walinipitishia simu kwenye nondo za dirisha la sebuleni, nami nazipokea nikiwa nimekaa kwenye kiti hikihiki ninachoandikia. Wake kwa waume walisimama juani, mimi kivulini. Sijawahi kupata cheo kikubwa kuliko kile.

Sasa sikilizeni jinsi mazoea yanavyozaliwa, maana hapa ndipo kichwa changu kinapoanza kuzunguka. Mtu alilipia kuchaji mara moja, iwe simu imekufa kabisa, iwe imebaki nusu, malipo ni yaleyale. Nani angeleta simu yenye nusu? Ilikuwa sawa na kupeleka nusu debe la mahindi mashineni na kulipia debe zima. Kwa hiyo ikibaki na kijiti kimoja cha chaji, mwenyewe haji. Anawasha tochi mchana, anacheza ule mchezo wa nyoka, anampigia shemeji yake amuulize habari za kuku, ili mradi ife. Ikishakufa ndipo anakuja, tena anajisifu: "Fundi, imezima yenyewe hiyo!" Na akirudi kuichukua akakuta bado kijiti kimoja hakijajaa, hakubali. Anakaa kwenye benchi langu mpaka ijae pomoni.

Ife kabisa, ijae pomoni. Mji mzima uliishi hivyo, na mimi dirishani nikiwapongeza. Halafu umeme ukafika kwenye nyumba zao, wakanunua simu za kupangusa, dirisha langu likakosa watu, na mazoea yakabaki. Mpaka leo kuna watu wazima Songea wanaoona aibu kuchomeka simu yenye asilimia arobaini, utadhani wanakula chakula cha mchana saa nne.

Aliyenifundisha betri alikuwa Fundi Rajabu, mtu wa Tunduru aliyefika Songea na fedha ya korosho kutafuta vipuri, akapanga chumba jirani. Alikuwa na mikono myembamba na subira ya kushona nguo za mdudu. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuijua betri mbovu, zile za zamani zilizokuwa zinatoka. Unailaza mezani, unaizungusha kwa kidole. Ikigoma, nzima. Ikizunguka kama pia, tumbo limevimba, itupe. Siku ya kwanza kujaribu mwenyewe niliizungusha kwa nguvu mno. Ikapaa ikatua kwenye bakuli la maharage la mke wangu, mwenye betri akitazama kupitia nondo. Akauliza, "Fundi, hiyo ndiyo inaonja?"

Siku nyingine nilisikia kwamba betri zilizochoka zikipigwa jua zinapata nguvu. Nikazipanga kwenye bati. Fundi Rajabu akapita, akasimama akashika kiuno.

"Mwanangu, unauza betri au dagaa?"

"Nazipa nguvu, Fundi."

"Wallahi, teremka. Betri ni kama maziwa, ukiianika unaiua. Teremka kabla hujanitia aibu, watu wanajua mimi ndiye mwalimu wako."

Nikateremka. Huyo ndiye mtu aliyejua. Na huyohuyo ndiye aliyenipa sheria niliyoihubiri miaka yote: betri iache ife, kisha ijaze mpaka ishibe, ukiichaji ina chaji ndani unaiharibu, inasahau ukubwa wake. Niliwaambia hivyo walimu, masista, waendesha bodaboda, wote. Niliwafokea watu dirishani kwa kuleta simu isiyokufa.

Baadaye, amesharudi kwao Tunduru na mimi nimeshafunga dirisha, alinipigia kunisalimia. Katikati ya salamu akasema, bila hata kubadilisha sauti, kwamba ile sheria ilikuwa ya betri za aina nyingine, za redio za zamani, na hizi za simu ni kinyume chake. Hizi kufa kabisa kunazichosha, kushiba kabisa muda mrefu nako kunazichosha, joto ndilo linazimaliza.

"Fundi," nikamwambia, "mbona hukuniambia?"

"Nakuambia sasa. Haya, mama watoto hajambo?"

Nilibaki na simu sikioni kama mtu aliyeambiwa kwamba njia ya kwenda kwao siku zote ilikuwa ile nyingine.

Tumaini naye, aliponipa ile simu, alinipa na masharti: baba, isishuke chini ya ishirini, isipande juu ya themanini. Nikamuuliza, sasa nimenunuliwa debe zima nijaze robo tatu tu? Akasema ndiyo, itadumu. Nikauliza itadumu kwa ajili ya nini ikiwa kila siku haijai. Akasema, "Baba, kila kitu wewe." Siku mbili tatu nilikaa naitazama ile namba ikipanda, nikiogopa kwenda hata chooni isije ikafika themanini na moja. Mke wangu akasema hajawahi kuona simu inayomchunga mtu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipokuwa, vijana, Mama Editha aliponijia. Alinipitishia simu yake kwenye nondo zilezile, kwa mazoea.

"Baba Tumaini, hii simu tangu Pasaka haishiki chaji. Inazima ovyo. Na unajua Editha anavyonitegemea."

Niliishika, nikaigeuzageuza. Betri yake ni ya kufungiwa ndani, huioni. Mgongo wake ulikuwa umepinda kidogo. Nikatikisa kichwa kwa uzito.

"Unaichajije?"

"Naichaji tu."

"Hapo ndipo tatizo. Betri ni nzuri, tabia ndiyo mbaya."

Angekwenda kwa kijana yeyote pale sokoni angebadilishiwa betri akarudi siku ileile. Alikuwa tayari kwenda. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia kwanza aiache ife kabisa ili ijipime upya. Baada ya siku kadhaa nikakumbuka maneno ya Fundi Rajabu, nikamwita kwenye michongoma nikamwambia hapana, isife kabisa, aichomoe ikifika themanini. Kisha nikamwambia asiitumie ikiwa kwenye chaji. Kisha nikamwambia aitumie chaja yake mwenyewe, si ya kuazima. Kila mara alijibu kwa heshima, "Haya, Baba Tumaini." Na kila mara aliuliza swali moja tu: "Lakini Editha akipiga, itaita?"

Nami nikasema itaita. Kwa uhakika gani, mimi mwenyewe ningependa kujua.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya baridi kweli, ukungu umekaa juu ya ua, mimi nimekumbatia kikombe cha chai. Nikamsikia Mama Editha anakuja mbio. Mama Editha hakimbii. Hata mvua humkuta anatembea.

"Amepiga! Kasema, 'Mama, imeanza,' halafu ikazima! Ilikuwa na thelathini, Baba Tumaini, thelathini!"

Betri iliyochoka hufanya hivyo kwenye baridi, inaonyesha thelathini kisha inaanguka ghafla. Naandika hivi sasa nimetulia. Pale dirishani nilifanya jambo la kipuuzi kuliko la blanketi: niliichomeka ile simu kwenye chaji na kuanza kueleza.

"Tuipe muda kidogo. Unajua, baridi inapoingia kwenye betri..."

"Unanifundisha somo mwanangu yuko kwenye uchungu?"

Simu ikawaka, ikaonyesha asilimia moja, ikazima. Ikawaka, ikazima. Mama Editha alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Mke wangu ndiye aliyepita na ndoo akasema, bila kusimama, "Si utoe laini uweke kwenye kitochi?"

Kitochi! Kile kisimu changu cha vitufe kisicho na laini, ninachotafutia viatu umeme ukikatika. Kilikuwa mfukoni mwangu wakati wote huo. Nikatoa laini ya Mama Editha, na hapo tukakwama tena: laini za siku hizi zimekatwa ndogo kama ukucha, na kitochi kinataka zile pana. Nikaanza kutafuta kile kifremu cha plastiki ambacho laini huja nacho ikiwa mpya. Kama nina faida yoyote duniani, ni kwamba mimi sitoki na situpi. Nilikuwa na kopo la maziwa limejaa takataka za dirisha: skrubu, vifuniko, vitufe vya namba tano visivyo na ndugu. Nikalimwaga lote mezani. Mama Editha akapitisha mkono wake kati ya nondo, akapekua kama anachambua mchele, akakiona yeye.

"Ni hiki?"

Kilikuwa hicho. Laini ikaingia, kitochi kikatafuta mtandao, kikatafuta, kikapata.

Namba ya mwanawe hakuwa nayo kichwani, ilikuwa ndani ya ile simu iliyokufa. Lakini ya dereva alikuwa nayo. Alikuwa anampigia kila asubuhi kumuuliza kama gari linawaka. Akabonyeza.

"Ni mimi. Mama Editha. Sauti si unaisikia? Basi ondoka! Hapana, usinipe shikamoo sasa, ondoka!"

Kisha tukakaa. Yeye nje kwenye benchi la wateja, mimi ndani, kitochi kiko juu ya dirisha katikati yetu. Kilipoita alikuwa Editha, akilia kwamba amepiga na kupiga anaambiwa simu haipatikani. Mama yake akamwambia gari liko njiani. Nami nilikuwa navitazama vile vijiti vya chaji kwenye kitochi, viwili kati ya vinne, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na maoni yoyote.

Walifika hospitali. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mama yake salama. Daktari alisema wamefanya vizuri kutochelewa.

Mtauliza basi, mzee, tuichajije? Nitawaambia ninachoamini leo, mkijua kwamba jana niliamini kingine. Msingoje ife, chomekeni ikishuka shuka. Si dhambi kuichaji kidogo kidogo mara nyingi, kwa hizi za kisasa ndivyo zinavyopenda. Ikikaribia kujaa, ukiweza chomoa, usipoweza usikose usingizi, haitalipuka kwa kushiba, itachakaa tu mapema zaidi. Iogopeni joto: dashibodi ya gari, chini ya mto, karibu na jiko, na blanketi. Ukitaka kuiweka kabatini muda mrefu, iache nusu, si tupu wala si imejaa. Na betri ikichoka, imechoka, kama magoti yangu. Ibadilishe, usiihubirie.

Hayo ndiyo. Lakini nakumbuka kuna wateja waliofuata sheria yangu mbovu neno kwa neno na simu zao zikadumu mpaka vitufe vikafutika namba, na najua mtu anayechomoa kwenye themanini kama saa ya kanisa, na simu yake imekufa kabla ya mwaka. Sielewi. Nimeikalia kazi hii umri wangu wote wa kazi, na nimetoka nayo nikiwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo.

Jambo moja nililielewa, au nilidhani nimelielewa: ni mimi niliyeiua simu ya Mama Editha. Masharti yangu yaliyokuwa yanabadilika kila nikimwona ndiyo yaliyoimaliza betri, na karibu yammalize na mwanawe. Nilishindwa kuishi na hilo ng'ambo ya michongoma. Basi Jumapili moja, Editha akiwa amekuja na mtoto kwa mama yake, nilivaa viatu. Mke wangu aliniuliza nani amefariki. Nikatoka, nikazunguka kwa geti kama mgeni, nikamkuta Mama Editha amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo, mjukuu amelala pembeni yake.

Nikasema yote. Nikamwambia samahani, mama, nilikupa masharti ambayo hata mimi sikuyaelewa, ukayafuata kwa kuniheshimu, simu ikafa kwa sababu yangu, na mtoto huyu angeweza kuzaliwa njiani kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye kiti.

Mama Editha aliendelea kumenya mpaka akamaliza muhogo alioushika. Akauweka kwenye beseni, akafuta kisu kwenye kanga, akanitazama.

"Baba Tumaini, acha kujipa ukubwa," akasema. "Masharti yako sikuyafuata hata moja. Ile simu niliikalia kanisani, Ijumaa Kuu, ibada nzima."